Jicho la Kulia la Gari la Meneer Wim

Jumatatu, 25 Mei 2026

Jumatatu ya Pentekoste. Hakuna shule. Ningelala mpaka mchana kama aibu ingeniruhusu.

Jana baada ya misa Sidonie aliniomba pilipili. Tulikuwa kwenye meza za parokia, sahani mkononi. Aliniangalia mimi, si mtu wa nyuma yangu. Nilihakikisha. Alitaja jina langu, Noé, akaomba pilipili. Nikampa maji. Akasema asante, akayanywa. Msichana wa roho nzuri. Mimi sina tumaini.

Halafu binamu yangu Bienfait akapita na koti lake la rangi ya haradali. Alimkonyeza tu, jicho moja, na Sidonie akacheka mpaka akashika meza. Basi. Jicho moja linatosha, wengine wamepewa.

Leo nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Matokeo: macho yangu yanafumba yote mawili pamoja. Nikizuia moja kwa kidole, la pili linatoa machozi. Dada yangu Rolande alifungua mlango, akauliza ni nani amekufa.

Rolande anaolewa Jumamosi. Nyumba imejaa vitambaa na mashangazi. Sidonie ni mmoja wa wasichana watakaomsindikiza. Yaani Jumamosi atasimama mbele ya mlango wetu, hapa hapa mtaani kwetu Forest, amependeza, na mimi nitakuwepo nikimpa maji.

Lakini jioni Mungu alinionea huruma. Jirani yetu Meneer Wim, yaani Bwana Wim, alitoa gari lake nje. Ni Mercury Cougar ya mwaka 1969, gari la Amerika, kijani cha chupa, refu kuliko sebule yetu. Miaka yote nimeliona likiwa chini ya turubai tu. Mbele halina taa. Ni wavu wa chuma kutoka upande huu mpaka ule, kama mtu aliyeshusha kofia mpaka puani. Meneer Wim akawasha, akavuta kitufe, na wavu ukafunguka pande mbili. Macho! Yalikuwa yamejificha ndani. Ila la kushoto lilifunguka kwanza. La kulia lilikawia, likafikiri kidogo, ndipo likafuata.

Gari lilikonyeza.

Mimi sijui kukonyeza. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwetu lipo gari linalojua.

Jumanne, 26 Mei

Kikwazo cha kwanza: gari la harusi lilishapatikana. Jeupe, la rafiki yake Bienfait. Shangazi Marie-Claire ndiye mkuu wa comité ya harusi, na comité yenyewe ni yeye. Nilimwambia, kwa upole, kwamba nadhani lile gari jeupe lilipeleka watu makaburini mwezi uliopita. Ni kweli? Sijui. Inawezekana. Gari jeupe kubwa huitwa kila mahali. Shangazi alifanya ishara ya msalaba, akasema Rolande hatakaa pale alipokaa mjane.

Kikwazo cha pili: Meneer Wim. Yeye mtaani anaongea Kiholanzi tu, na katika ukoo wetu wote ninayekijua ni mimi. Shule ya msingi nilisoma kwa Kifaransa. Sekondari papa akanipeleka kwa Waflamand, wanaofundisha kwa Kiholanzi, akisema mtoto wa lugha mbili hakosi kazi. Hakufikiria kazi ya namna hii. Nimegundua leo kwamba mkalimani ni mtu mwenye mamlaka makubwa. Hakuna wa kumkagua.

Tulisimama watatu mbele ya garage. Shangazi aliagiza kwa Kiswahili: bitambaa, ballons, na klaxon, yaani honi, kutoka hapa mpaka ukumbini Ixelles bila kupumua. Akaongeza kwamba huyu muzee iko na kichwa sawa yai, hakuna hata unywele, bon, avae kofia, asituharibie photo. Nikamweleza Meneer Wim kwa Kiholanzi kwamba shangazi analisifu gari lake, na kwamba harusi zetu ni za utulivu. Watu wachache. Mwendo wa pole. Karibu ni kama sala.

Meneer Wim akatoa masharti. Hakuna kitambaa. Hakuna gundi. Honi ni ya hatari tu. Hakuna kula ndani. Nikamgeukia Shangazi, nikasema anakubali yote kwa furaha, na kwamba kwao kijani ni rangi ya baraka.

Meneer Wim alikohoa muda mrefu, uso ukawa mwekundu. Maskini mzee. Vumbi la garage.

Mwisho niliwaambia wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, kwamba lazima mkalimani akae mbele karibu na dereva. Walikubali. Sijawahi kufaulu hivi katika somo lolote.

Jumatano, 27 Mei

Shule nusu siku. Meneer Wim alinifungulia capot, kile kifuniko cha engine, akanionyesha siri. Engine ikiwaka inavuta hewa. Mvuto huo unapita katika mipira myembamba, kama ile ya maji ya sérum hospitalini, mpaka kwenye kila jicho, na ndio unaoshikilia kope zifungwe. Hewa ikiingia, mvuto unakufa, na chuma kilichojikunja kama springi kinafungua jicho. Yaani gari hili linafumba macho kwa nguvu na kuyafumbua kwa uchovu.

Nilimuuliza kwa nini walijisumbua hivyo. Alisema wakati ule walitaka mchana gari liwe na uso safi, bila kitu kinachokukodolea. Gari lenye haya! Nilihisi nimepata ndugu.

Papa alikuja kuniita chakula. Papa alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha commune yetu, hapa Forest, mpaka kilipofungwa mwaka jana. Tangu siku hiyo akiona capot wazi anavuka barabara. Leo hakuvuka. Alisimama. Akapitisha ukucha kwenye nafasi kati ya capot na bawa la gari juu ya gurudumu, akasema nafasi pana namna hii, kule kwao, mkuu wa zamu angempigia kelele mpaka jioni. Niliitafsiri sawasawa, mara ya kwanza wiki hii. Meneer Wim akacheka, akampa papa bisibisi. Chakula kilipoa. Mama alikuja kuwaita, akarudi bila kuwaita.

Mimi sikuhitajika. Nilikaa kwenye ndoo nikihesabu mipira. Mpira wa jicho la kulia unapita karibu na ukuta wa ndani, na ukuta una tundu. Tundu linatokea miguuni pa abiria.

Abiria ni mimi.

Alhamisi, 28 Mei

Ninachohitaji ni robinet ndogo, koki ya kufungua na kufunga hewa. Ikifunguliwa hewa inaingia, jicho linafumbuka. Ikifungwa jicho linalala. Rayan wa darasani kwetu anafuga samaki, anazo nyingi. Nilimwomba moja pamoja na mpira wake. Akauliza za nini. Nikasema jaribio la shule. Akauliza somo gani. Nikasema dini. Rayan akanipa, akasema nisizirudishe.

Jioni mazoezi ya huzuni. Lazima nieleze. Kwetu, msichana akitoka kwa wazazi siku ya harusi hatabasamu. Anainamisha kichwa, uso mzito, kuonyesha kwamba anaumia kutuacha. Akicheka mlangoni, maana yake alikuwa amefungwa jela hapa. Shangazi Marie-Claire anashikilia hilo kuliko amri kumi. Anasema huko nyumbani bibi harusi mmoja alicheka kizingitini, akarudishwa ndani, na hakutoka mpaka mbuzi wa faini alipolipwa.

Tatizo ni Rolande. Rolande hucheka hata akisoma barua ya bima. Shangazi alimsimamisha katikati ya sebule, akamwambia awaze jambo baya. Rolande akawaza. Akatikisika mabega. Tulidhani analia. Hakuwa analia. Shangazi akamwonya kwamba Jumamosi watu wa Bertin, yaani upande wa bwana harusi, watakuwa wote barabarani wanaangalia, na kwamba aibu ya mlango haifutiki kwa keki.

Rolande aliahidi. Baadaye alikuja chumbani kwangu, akasema kweli anaogopa. Bertin anampenda, lakini mama yake Bertin bado anampima. Akaniomba Jumamosi nisifanye kitu chochote cha kuchekesha. Nikamjibu mimi ni mtu wa nyuma, nani ataniona.

Ijumaa, 29 Mei

Meneer Wim alinipa ufunguo wa garage ili nipake gari nta. Nilipaka nta upande mmoja. Upande wa pili nilifanya upasuaji.

Robinet iko chini ya zulia, karibu na kiatu changu cha kulia. Niliwasha engine. Nikafungua. Nje, jicho la kulia likafumbuka polepole, kwa madaha, kama mtu anayekuambia siri. Nikafunga. Likalala. Engine inakohoa kidogo, lakini nani asiyekohoa. Nilikikonyeza kipipa cha takataka mara kadhaa. Mbwa mmoja alibweka, akamkimbia bwana wake.

Bienfait alipita jioni kujisifu. Kesho yeye ndiye atakayeshika micro ya mshereheshaji ukumbini. Amenunua soksi za hariri. Alisema atamkonyeza Sidonie kutoka jukwaani. Akaniuliza mimi nimejiandaaje. Nikasema nitakaa ndani ya gari. Akanipiga bega, akasema, "Petit, mdogo wangu, kila mtu na zawadi yake."

Cheka tu, Bienfait. Jicho lako ni la sentimita tatu. Langu ni la upana wa sahani.

Jumamosi, 30 Mei

Naandika kwa mpangilio.

Meneer Wim alifika na gari. Lilikuwa limefungwa vitambaa vyeupe, kwa mafundo, bila gundi. Yeye amevaa kofia. Na kutoka kwake mpaka kwetu, nyumba tatu tu, alipiga honi bila kuiachia. Nilidhani amepata ugonjwa wa ghafla. Niliingia mbele, nikamwuliza kwa Kiholanzi kama yuko salama. Alisema hajawahi kuwa salama hivi.

Watu wa Bertin barabarani, wengi, mavazi ya sare. Mama yake Bertin mbele kabisa, mikono kifuani. Engine inawaka. Macho ya gari yamefumba. Kiatu changu kiko tayari.

Mlango wetu ukafunguka. Nyimbo zikashuka, zikawa za huzuni. Rolande akatokea, kichwa chini, uso mzito kweli. Mama analia, majirani wanalia. Sidonie alikuwa mbele yake na maua, akaja, akaja, mpaka akasimama mbele ya gari, upande wa kulia, mahali hasa nilipopaomba katika sala. Nikainama. Nikashika robinet. Nikaifungua.

Na Sidonie akageuka kuinua shela ya Rolande.

Aliyejaza nafasi yake ni Shangazi Marie-Claire, amekuja kunyoosha kitambaa. Jicho likafumbuka mbele yake. Polepole. Kwa madaha.

Shangazi akarudi nyuma hatua moja. Nikafunga haraka, jicho likalala. Akasogea kutazama vizuri. Kwa mshituko mkono ukateleza, robinet ikazunguka, jicho likamfumbukia tena. Nikafunga. Kiatu kikaikanyaga. Likafumbuka. Sasa gari lilikuwa halikonyezi tena, lilikuwa linambembeleza. Nyimbo zilikatika. Katika kimya kile Shangazi alijikaza, akaweka mikono kiunoni, akaliambia gari:

"Eh. Weye. Niko muke ya muntu."

Rolande aliinua kichwa kuona kuna nini.

Sijui hata nikieleze vipi kicheko kile. Kilianzia miguuni. Alijaribu kukimeza, akapaliwa, kikatoka kupitia puani, kisha kikatoka chote. Alishika mlango. Shela ilimwangukia usoni na aliendelea kucheka ndani ya shela. Mama aliacha kulia. Mama yake Bertin hakucheka. Nilimwona akimgeukia Bertin taratibu, na Bertin akitazama viatu vyake.

Shangazi alipanda kizingiti. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya, kwamba Rolande arudi ndani. Mlango ukafungwa. Nje watu wa Bertin wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema kama binti anafurahi hivi kuondoka kwao, siku moja ataondoka na kwetu. Nikasikia Rolande ndani ameacha kucheka. Alikuwa analia kweli sasa, na haikusikika kama mazoezi.

Nilitaka kutoka niseme ni mimi. Naapa. Nilishika kitasa cha mlango wa gari. Mdomo ulifunguka. Hakukutoka kitu, kama siku ya pilipili.

Aliyetoka ni Meneer Wim. Alivua kofia, akasimama mbele ya Shangazi, na akasema, kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu kilichonyooka kuliko changu:

"Maman, kosa haiko ya huyu mutoto mwanamuke. Gari njo imemuchekesha. Gari iko yangu. Donc mbuzi njo yangu."

Yaani faini atailipa yeye. Hata engine nadhani iliacha kukohoa.

Shangazi alimuuliza anasikia Kiswahili tangu lini. Alijibu kwamba alifundisha hesabu Bukavu miaka minane akiwa kijana, na kwamba anasikia yote, hata ile ya kichwa na yai.

Nilijishusha kwenye kiti mpaka nikawa sawa na zulia. Jumanne. Bitambaa. Kijani cha baraka. Harusi zetu ni karibu kama sala! Alisikia kila neno, pande zote mbili, na alikohoa tu.

Kutoka pale chini nilisikia sauti ambayo sikuijua. Niliinua jicho. Alikuwa Shangazi Marie-Claire. Alikuwa amekaa kizingitini na nguo yake ya sherehe, anacheka, anajifuta kwa kitambaa cha maua. Ndipo papa, ambaye katika harusi hii hajaulizwa neno, akasogea akauliza, taratibu kabisa:

"Dada, na shangazi akicheka mulangoni, sheria inasema nini?"

Shangazi alifikiri. Kisha akatangaza kwamba mbuzi ni wawili, mmoja wa gari na mmoja wake yeye, na kwamba mbuzi hao wamekulana, deni limekwisha. Mama yake Bertin akakunjua mikono. Akasema, bon, angalau ni nyumba ya watu wenye afya.

Rolande akatoka mara ya pili. Macho mekundu, mashavu yamelowa, mkono wa mama umeshikwa hauachiwi. Hakuna aliyewahi kutoka kwa huzuni nzuri namna ile. Honi mpaka Ixelles.

Na sasa jambo baya zaidi. Ukumbini Sidonie alikuja mezani kwangu. Mwenyewe, kwa miguu yake. Alikaa. Alisema hajawahi kuona kitu kizuri kama lile gari katika harusi yoyote, kwamba aliniona nikiinama, na akauliza, "Noé, ni weye ulifanya?"

Ndiyo. Neno moja. Ninalo katika lugha tatu.

Nikasema, "Bienfait."

Sidonie alinitazama kidogo. Akainuka, akaenda kwa Bienfait.

Jumapili, 31 Mei

Habari kutoka kwa Bienfait mwenyewe, kabla ya misa. Sidonie alimuuliza gari alilikonyezesha vipi. Hakujua anaongea nini, lakini hakuwa mjinga wa kukataa. Alisema kwa telefone. Sidonie akampeleka nje, akamwomba arudie. Bienfait alibonyeza telefone yake mbele ya gari mpaka betri ikaisha. Anasema Sidonie alicheka sana. Basi ndivyo mapenzi yanavyoanza. Nimewatakia heri moyoni, isipokuwa Bienfait.

Meneer Wim pia alikuwa misani. Shangazi alimwalika, na alikaa karibu naye kulia, bila kofia. Nje alinivuta pembeni, akasema kwa Kiswahili kwamba ameona robinet ya samaki mu gari yake. Nilingoja kufa. Alisema kazi si mbaya, ila kwenye tundu ningeweka mpira mzito. Halafu akasema, "Uko na luga tatu. Kwa ule binti moja inatosha. Muambie tu."

Ni mtu mwema, lakini ni mwalimu wa hesabu. Hajui mambo ya moyo.

Kwa sababu leo wakati wa nyimbo nimeona jambo linalonitia wasiwasi mkubwa. Sidonie alikuwa safu ya tatu ya kwaya. Aligeuka upande wangu. Akanitazama mimi, na akafumba jicho moja. Niliangalia nyuma yangu. Palikuwa na nguzo tu. Nilipogeuka, akafumba tena jicho lile lile, na akawa anauma midomo, asicheke au asilie.

Ni vumbi. Ni yale maua ya jana, alikuwa ameyabeba karibu na uso siku nzima. Mara mbili katika wimbo mmoja! Jicho likiachwa hivyo linaharibika.

Nimeshapanga. Duka la dawa la zamu liko wazi mpaka jioni. Nitanunua dawa ya macho ya matone. Sitampa mkononi, ningemmwagia kiatuni. Joho lake la kwaya linatundikwa sakristia, na ufunguo wa sakristia anao Shangazi, na Shangazi kesho anahitaji mtu wa kurudisha viti vya parokia. Nitaiweka mfukoni, upande wa kulia. Nimeshaandika na kikaratasi: "Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni."

Jina sikuweka. Akijua ni mimi itakuwa aibu.